Makasia Yaliyorudi Majini: Klabu ya Mashua ya Chuo Kikuu cha Cambridge Baada ya Vita Viwili

Klabu ya Mashua ya Chuo Kikuu cha Cambridge, nchini Uingereza, iliundwa mwaka 1828. Mwaka uliofuata, tarehe 10 Juni 1829, ilishindana kwa mara ya kwanza na wenzao wa Oxford katika mto Thames, mjini Henley, na Oxford wakashinda. Tangu 1856 mashindano hayo yakawa ya kila mwaka. Yalikatika kwa muda mrefu mara mbili tu katika karne ya ishirini: baada ya mbio za 1914 hayakuwapo tena hadi 1920, na baada ya mbio za 1939 hayakurudi rasmi hadi 1946. Mara zote mbili sababu ilikuwa vita vya dunia, na mara zote mbili klabu iliyobaki na mabanda matupu ililazimika kujijenga upya. Historia ya namna ilivyojijenga inaonyesha ni vitu gani hufufua chama cha wanafunzi na ni vipi havitoshi.

Mchezo wenyewe

Mtu wa Mbwawa au Mlandizi, mkoani Pwani, Tanzania, aliyewahi kuvuka mto Ruvu kwa mtumbwi amezoea kafi: mpigaji hutazama aendako, hushika kafi kwa mikono miwili, na kafi haikufungwa popote. Mashua ya mashindano ya vyuo ni kitu kingine. Ina urefu wa karibu mita 18, lakini upana wake kwenye tumbo ni kama sentimita 60. Katika kipindi kinachozungumziwa hapa iliundwa kwa mbao nyembamba, hasa za mwerezi, kiasi kwamba mtu aliyekanyaga vibaya wakati wa kupanda angeweza kuitoboa. Wapigaji ni wanane, wameketi kwa mstari, kila mmoja na kasia moja ndefu, zamu kushoto na zamu kulia. Makasia yameshikwa na vyuma vilivyotokeza nje ya ubavu wa mashua. Viti vinateleza juu ya reli fupi ili miguu isukume kabla ya mikono kuvuta.

Wanane hao hawaoni waendako, maana wamekipa kisogo kichwa cha mashua. Anayeona ni wa tisa, mshika usukani, mtu mwepesi anayeketi tezini. Mbele yake, ana kwa ana, huketi mpigaji anayeongoza mwendo, na wengine saba humfuata yeye. Kasia likichelewa hata kwa muda wa kufumba jicho, mashua nzima huyumba. Kwa hiyo ustadi wa mchezo huu ni wa kundi. Hujengwa kwa miezi ya kuketi pamoja, na hauwezi kuandikwa kitabuni ukasomwa na mtu mgeni siku ya kwanza.

Mbio za Oxford na Cambridge hupigwa kwenye Thames, magharibi mwa London, kutoka Putney hadi Mortlake. Umbali ni karibu kilomita 6.8, na huanza wakati maji yanajaa ili mkondo uwasukume wapigaji kwenda juu ya mto. Huko Cambridge kwenyewe, mto Cam ni mwembamba mno kwa mashua mbili kwenda sambamba. Kwa sababu hiyo vyuo vidogo vinavyounda chuo kikuu hushindana kwa kufukuzana. Mashua hupangwa moja nyuma ya nyingine, zikiachana kama urefu wa mashua moja na nusu. Mzinga ukilia kila moja humkimbilia wa mbele na kumkimbia wa nyuma. Anayegusa humpanda aliyeguswa, na kesho yake hubadilishana nafasi. Mpangilio wa siku ya mwisho ndio unaoanza mwaka unaofuata.

Utaratibu huo umefanya kila chuo kidogo kiwe na klabu yake, mashua zake na mafundi wake, na klabu ya chuo kikuu huchagua wapigaji bora kutoka humo. Ni mfumo wenye ngazi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa na wa mwaka wa tatu, na wa mwaka wa tatu hutazamwa na kocha aliyepiga kasia miaka ishirini iliyopita. Kizazi kimoja kikikosekana, ngazi hukatika katikati.

Kizazi cha 1914

Mwezi Machi 1914 Cambridge waliwashinda Oxford kwa zaidi ya urefu wa mashua nne. Miezi minne baadaye Uingereza iliingia vitani. Wanafunzi wapiga makasia walikuwa vijana wenye afya, wengi wao wamekwisha kupata mafunzo ya awali ya kijeshi shuleni na chuoni, na walijiandikisha mapema. Wengi walitumwa mbele kama maofisa wa ngazi ya chini, wale waliotangulia kutoka kwenye mahandaki mbele ya askari wao. Ndiyo maana vifo vyao vilikuwa vingi.

Katika kundi la Cambridge lililoshinda mwaka 1914, Dennis Ivor Day alikufa 1915, John Andrew Ritson 1916, na Kenneth Gordon Garnett 1917. Oxford nako hali ilikuwa hiyohiyo. Frederick Septimus Kelly, mzaliwa wa Sydney aliyesoma Oxford, alikuwa mpiga kinanda na mtunzi wa muziki, na mwaka 1908 alishinda dhahabu ya Olimpiki katika mashua ya watu wanane. Aliuawa Ufaransa mwezi Novemba 1916, katika siku za mwisho za mapigano ya Somme. Gilchrist Maclagan, aliyeshika usukani wa mashua hiyohiyo ya 1908, alikuwa amekwisha kufa mwaka mmoja na nusu kabla yake, karibu na Ypres. Kwa jumla, zaidi ya watu 40 waliowahi kupiga kasia katika mbio za vyuo hivi viwili walikufa katika vita hivyo. Chuo kikuu cha Cambridge peke yake kilipoteza zaidi ya wanafunzi na wahitimu 2,400.

Chuo chenyewe kiligeuka. Madarasa yalibaki na wagonjwa, wageni, wanawake, na vijana ambao umri wao wa jeshi haujatimia. Kwenye viwanja vya kriketi vya vyuo vya King's na Clare kulijengwa hospitali kubwa ya majeruhi. Vyumba vya wanafunzi vilikaliwa na maofisa waliokuwa mafunzoni. Mbio za Putney hazikupigwa kuanzia 1915 hadi 1919, na mashua zilining'inia mabandani.

Wakati huohuo vita hivyohivyo vilikuwa vimefika Pwani. Mwezi Julai 1915 manowari ya Kijerumani Königsberg iliangamizwa katika delta ya Rufiji. Mwezi Septemba 1916 Waingereza waliiteka Dar es Salaam, na Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea kusini. Nchi ya Wazaramo, Kisarawe ikiwa ndani yake, ilikamuliwa chakula na watu. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa njaa, kuhara na malaria wakiwa wamebeba mizigo ya majeshi. Hapa pana tofauti inayohusu moja kwa moja suala la kufufua vyama. Cambridge iliweza kuwataja wafu wake mmoja mmoja, kwa majina, vyuo na nafasi waliyoketi ndani ya mashua. Sanamu ya Askari iliyosimikwa Dar es Salaam mwaka 1927 iliwaheshimu askari na wapagazi kwa jumla, bila orodha ya majina yao. Jamii iliyohifadhi kumbukumbu za watu wake huwa na pa kuanzia inaporudi.

Mwaka 1919: kuanza kwa wachache

Vita vilipokoma Novemba 1918, Cambridge haikufunguka siku moja. Wanajeshi waliachiliwa kwa makundi, na wengi walifika chuoni katikati ya mwaka wa masomo. Pamoja nao serikali ilileta mamia ya maofisa vijana wa jeshi la maji, waliotolewa masomoni wakiwa bado watoto ili wapigane, na sasa walihitaji kusoma. Darasa moja likawa na kijana wa miaka 18 aliyetoka shule ya bweni, na karibu naye meja wa miaka 25 mwenye kovu la risasi.

Kwa mchezo wa makasia hali hiyo ilikuwa na faida na hasara. Waliorudi walikuwa na nidhamu ya kuamka alfajiri na kustahimili baridi, lakini wengi walikuwa na mapafu yaliyoguswa na gesi, viungo vilivyovunjika, au miili iliyokonda. Wengine hawakuwa na muda, kwa kuwa masomo yalifupishwa ili wakimbilie kazi na ndoa. Na wale waliokuwa wakiongoza klabu mwaka 1914 ama walikuwa makaburini ama walikuwa wamekwisha kuhitimu.

Hatua ya kwanza haikuwa Putney. Majira ya joto ya 1919 mji wa Henley uliandaa mashindano ya amani, yaliyowakusanya wapigaji kutoka majeshi ya nchi washirika ambao bado walikuwa Ulaya wakisubiri meli za kuwarudisha makwao. Kombe lililotolewa na Mfalme George V lilichukuliwa na kundi la jeshi la Australia, lililowashinda Oxford katika fainali. Hayo yalikuwa mashindano ya mpito. Watu walikuwa bado wamevaa sare, makundi yaliundwa haraka, na hakuna aliyedai kwamba kiwango kilikuwa kile cha 1914. Faida yake ilikuwa kwamba mashua zilishushwa majini na mafundi waliziona nyufa.

Mbio za Oxford na Cambridge zilirudi mwezi Machi 1920. Cambridge walishinda kwa urefu wa mashua nne, wakitumia dakika 21 na sekunde 11. Mwendo huo ulikuwa wa polepole kuliko wa 1914, lakini ngazi iliyokatika ilikuwa imeunganishwa. Mwezi Agosti mwaka huohuo Uingereza ilipeleka mashua ya watu wanane kwenye Olimpiki ya Antwerp, na ikapata fedha, ikizidiwa na wanamaji wa Marekani kwa sekunde mbili na kitu. Ndani ya mashua hiyo walikuwamo watu wawili waliokuwa wameshinda dhahabu mwaka 1912 huko Stockholm: Ewart Horsfall wa Oxford, aliyekuwa rubani vitani, na Sidney Swann, kasisi aliyeipigia Cambridge kuanzia 1911 hadi 1914. Watu kama hao wawili ndio walioubeba mchezo kuvuka pengo la miaka mitano. Walikuwa bado na nguvu za kuketi ndani ya mashua pamoja na vijana, na walikumbuka kundi zuri linavyosikika kasia zinapoingia majini kwa pamoja.

Ubishi wa mtindo na miaka ya ushindi

Klabu iliyorudi haikurudi kama ilivyokuwa. Kabla ya vita mtindo uliotawala ulikuwa wa mgongo ulionyooka na mwendo uliopangwa kwa makini, kila mpigaji akifanana na mwenzake kama askari gwarideni. Steve Fairbairn, Mwaustralia aliyefundisha chuo cha Jesus hapo Cambridge, aliupinga. Alisema mpigaji asitazame umbo la mwili wake. Afikirie kasia na maji, asukume kwa miguu, na umbo litajileta. Ubishi baina ya wafuasi wake na wa mtindo wa zamani uligawa vyuo kwa miaka mingi.

Fairbairn aliona pia kwamba makundi yalikaa wakati wote wa baridi bila lengo. Mwaka 1926 alianzisha mbio mpya kwenye Thames ambamo makundi huondoka moja baada ya jingine na kupimwa kwa saa. Zilianza na makundi zaidi ya 20, na sasa huvuta mamia. Pengo la vita lilikuwa limevunja mazoea, na mazoea yakivunjika mwenye wazo jipya hupata nafasi ya kusikilizwa.

Matokeo yalionekana. Oxford walishinda mwaka 1923, kisha Cambridge wakashinda mara 13 mfululizo, kuanzia 1924 hadi 1936. Kundi la 1934 liliweka rekodi ya dakika 18 na sekunde 3. Ndani yake walikuwamo Jack Wilson na William Laurie, marafiki wawili watakaotajwa tena baadaye.

Wanawake nao walikuwa wameanza. Mwaka 1927 wanawake wa Oxford na wa chuo cha Newnham, Cambridge, walikutana kwenye mto huko Oxford. Hawakuruhusiwa kwenda sambamba. Walipimwa kwa mwendo na kwa uzuri wa mtindo, kila kundi kwa zamu yake, huku baadhi ya watazamaji wakizomea kutoka ukingoni. Oxford walishinda.

Vita vya pili: kutouzima moto

Septemba 1939 vita vilirudi, lakini safari hii klabu haikufungwa kabisa. Serikali ilikuwa imejifunza kwamba kuwapeleka wanasayansi wote mstari wa mbele ni hasara, na wanafunzi wa utabibu, uhandisi na sayansi waliachwa wamalize masomo. Majeshi ya anga, ya nchi kavu na ya maji yalileta chuoni vijana kwa kozi fupi za miezi sita. Wapigaji walikuwapo, ila walibadilika kila muhula.

Kwa watu hao klabu za Oxford na Cambridge zilipanga mbio nne zisizo rasmi, mbali na London iliyokuwa katika hatari ya mabomu na kwa umbali mfupi zaidi. Mwaka 1940 walikutana Henley na Cambridge wakashinda. Mwaka 1943 walikutana Sandford, karibu na Oxford, na mwaka 1944 Ely, kwenye mto Great Ouse. Mara zote mbili Oxford walishinda. Mwaka 1945 walirudi Henley na Cambridge wakashinda. Waliopiga kasia katika mbio hizo hawakupewa hadhi ya uwakilishi kamili wa chuo kikuu, na matokeo hayahesabiwi katika jumla ya ushindi wa pande hizo mbili.

Kwa mtazamo wa takwimu mbio hizo ni kama hazikuwapo. Kwa mtazamo wa uhai wa klabu zilikuwa jambo kubwa kuliko ushindi wowote wa miaka ya 1930. Kila mbio zilipopangwa kulikuwa na kundi lililofundishwa, mashua iliyopakwa vanishi, fundi aliyeitwa kurekebisha chuma kilichopinda, na mwanafunzi mdogo aliyetazama ukingoni akatamani. Mwaka 1919 klabu ilikuwa imeanza na watu walioona mbio za mwisho miaka mitano nyuma. Mwaka 1945 ilianza na watu walioziona mwaka uleule.

Vita vilifungua pia mlango ambao amani ilikuwa imeufunga. Wanaume wakiwa wachache, wanawake wa Newnham waliungana na wanawake wengine wa Cambridge, na mwaka 1941 klabu ya mashua ya wanawake ya chuo kikuu ikaundwa. Wakati huo wanawake walikuwa bado hawatambuliwi kuwa wanachama kamili wa chuo kikuu cha Cambridge. Haki ya kupewa shahada walipata mwaka 1948, miaka 28 baada ya wenzao wa Oxford.

Mwaka 1946: rasmi tena

Tarehe 30 Machi 1946 mashua mbili zilisimama tena Putney, na Oxford wakashinda kwa urefu wa mashua tatu. Umati ulijaa kingo zote mbili za mto, karibu na nyumba zilizokuwa bado zimebomoka kwa mabomu.

Matatizo ya 1946 hayakuwa ya watu. Wanafunzi walifurika. Serikali ililipia masomo ya walioachiliwa kutoka jeshini, na vyuo vililazimika kuwaweka wawili wawili katika vyumba vya mtu mmoja. Shida ilikuwa vitu. Mafundi wa mbao walikuwa wametumia miaka sita wakitengeneza vyombo vya jeshi, na mbao nzuri zilikuwa adimu. Mashua nyingi zilizokuwapo zilitengenezwa kabla ya 1939 na zilikuwa zimekauka na kulegea.

Chakula kilikuwa bado kinagawiwa kwa vitabu vya mgao, na mwezi Julai 1946 hata mkate, ambao haukuwahi kugawiwa wakati wa vita vyenyewe, uliingizwa kwenye mgao. Mpiga makasia mwenye kilo 85 anayefanya mazoezi kila siku alipewa mgao sawa na karani wa ofisini. Nyama ilikuwa kidogo kwa wiki nzima, na viazi ndivyo vilivyojaza sahani.

Baridi ya mwanzo wa 1947 iligandisha mito na kukatiza mazoezi kwa wiki nyingi. Barafu ilipoyeyuka mwezi Machi yakaja mafuriko makubwa, hasa katika nchi tambarare zinazoizunguka Cambridge. Hata hivyo mbio zilipigwa, na Cambridge wakashinda kwa urefu wa mashua kumi. Mwaka 1948 walishinda tena, kwa dakika 17 na sekunde 50, wakiivunja rekodi ya 1934. Rekodi hiyo mpya ilidumu hadi 1974. Mwaka 1949 walishinda kwa robo ya urefu wa mashua. Klabu iliyokuwa na mbao kuukuu na matumbo yasiyoshiba ilikuwa imefikia kiwango ambacho klabu ya miaka ya neema haikukifikia.

Henley 1948, Sudan na Kenya

Olimpiki ya 1948 ilifanyika London, na mashindano ya makasia yakapelekwa Henley, pale ambapo Oxford na Cambridge walikutana mara ya kwanza mwaka 1829. Kundi la Uingereza la mashua ya watu wanane liliundwa kwa sehemu kubwa na wapigaji wa Cambridge, na Christopher Barton ndiye aliyeongoza mwendo. Mshika usukani wao, Jack Dearlove, alikuwa na mguu mmoja. Walipata fedha nyuma ya Wamarekani wa Chuo Kikuu cha California, na Norway wakawa wa tatu.

Mmoja wa wanane hao, Michael Lapage wa chuo cha Selwyn, baadaye alikwenda Kenya akafanya kazi ya ualimu na umisionari kwa miaka mingi, katika nchi iliyokuwa ikiingia katika mapambano ya Mau Mau.

Ushindi uliosimuliwa zaidi ulikuwa wa Wilson na Laurie. Baada ya kumaliza Cambridge walijiunga na utawala wa kikoloni wa Sudan, na mwaka 1938 walishinda mbio za watu wawili Henley. Kisha wakatumia miaka kumi Sudan, mbali na mashindano. Mwaka 1948, wakiwa likizo Uingereza, walifanya mazoezi kwa wiki chache. Walishinda Henley tena, halafu wakachukua dhahabu ya Olimpiki katika mashua ya watu wawili isiyo na mshika usukani. Wote wawili walikuwa wamepita umri wa miaka 30. Siku hizohizo Richard Burnell, aliyeipigia Oxford mwaka 1939, alishinda dhahabu pamoja na Bert Bushnell katika mashua ya watu wawili, kila mmoja akiwa na makasia mawili. Burnell alikuwa ametumia vitani miaka ambayo mpigaji huwa na nguvu zaidi.

Safari za Wilson, Laurie na Lapage zinakumbusha pia kwamba klabu hizi zilikuwa sehemu ya mfumo wa dola ya Uingereza. Vijana waliofundishwa nidhamu ndani ya mashua ndio waliotumwa kuwa wakuu wa wilaya, walimu na wamisionari Sudan, Kenya, Uganda na Tanganyika. Wakati huohuo vijana wa Tanganyika waliokuwa katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles na kurudi kutoka Burma na Madagascar hawakukuta chuo kikuu cha kurudi. Makerere ilianza uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kama chuo kishiriki mwezi Oktoba 1961. Mchezo wa makasia wa vyuo ulichelewa kufika huku kwa sababu hiyo. Kathleen Noble, aliyeiwakilisha Uganda katika makasia kwenye michezo ya Tokyo mwaka 2021, alikuwa wa kwanza kutoka nchi hiyo, naye aliujifunza mchezo huo akiwa mwanafunzi Marekani.

Kilichoifufua klabu

Ukilinganisha 1920 na 1946, mambo manne yanajitokeza. La kwanza ni watu wa daraja: wazee wachache waliovuka vita wakiwa na ujuzi, kama Swann na Horsfall, na makocha waliokuwa na umri mkubwa mno kwenda kupigana. La pili ni hatua za mpito. Mashindano ya amani ya 1919 na mbio nne zisizo rasmi za vita vya pili hazikuwa na hadhi, lakini ziliwapa watu sababu ya kushusha mashua majini kabla mambo hayajatengemaa. La tatu ni msingi ulioenea. Klabu ya chuo kikuu ilisimama juu ya klabu nyingi ndogo za vyuo, na moja ikilala nyingine huwa macho. La nne ni kumbukumbu za nani aliketi wapi, nani alishinda, mashua gani ilitumika na nani alikufa.

Fedha na vifaa havimo katika orodha hiyo kwa sababu ushahidi haukubali. Klabu ilikuwa maskini zaidi mwaka 1947 kuliko 1939, na bado ndiyo iliyovunja rekodi mwaka uliofuata. Vifaa vilihitajika, lakini vilikuja vikiwafuata watu waliojua kuvitumia.

Chama chochote cha michezo cha wanafunzi, kiwe cha makasia, riadha au soka, kinachotaka kuvuka kipindi kigumu kinaweza kuanza na mambo hayo manne kabla ya kutafuta mfadhili. Kiandike majina ya watu wake, kimshike mzee mmoja anayejua kazi, kiandae shindano dogo hata kama halihesabiwi, na kihakikishe kwamba kila mwaka kuna mdogo anayefundishwa na mkubwa. Cambridge ilifanya hivyo mara mbili katika muda wa miaka thelathini, na mara zote mbili ilirudi ikiwa imara kuliko ilivyoondoka.